Mtoto wa Leso Asiye na Uso: Anafaa Kununuliwa?

Anayepimwa hapa ni mtoto wa bandia wa kitambaa, kimo chake sentimita 30 hivi toka utosini hadi nyayoni. Mwili ni wa marekani, kile kitambaa cha pamba kisichopaushwa, gauni la leso (kanga), ushungi wa leso hiyohiyo, na uso mtupu: hana macho, hana pua, hana mdomo. Usimtafute kwenye rafu za duka la vitu vya kuchezea. Ni wa kuagiza kwa fundi wa cherehani katika vichochoro vya Mji wa Kale wa Mombasa, au kwa fundi yeyote mwenye subira ya kushona vitu vidogo, na bei yake hupatanwa papo hapo. Mpatane bei ya kazi mbali na bei ya kitambaa, kwa sababu kitambaa chenyewe ni kidogo mno: robo mita ya marekani yatosha mwili mzima na kubakisha. Unacholipia ni saa za fundi.

Swali letu ni moja. Je, mwanasesere huyu anamfaa mtoto wa miaka 3 hadi 8 aliye na rafiki wa kubuni, yaani yule rafiki ambaye watu wazima hawamwoni? Anamfaa sana, na kinachomfanya afae ni ule uso mtupu ambao wanunuzi wengi huudhani kazi haijaisha. Kasoro zake ziko tumboni na shingoni, nazo tutazifikia.

Kwanza hofu yenyewe, maana ndiyo huwatoa wazazi nyumbani kwenda kutafuta kitu cha kununua. Nyumba nyingi za Pwani, mtoto akisikika uwani akizungumza peke yake, swali la kwanza huwa "Yuwasema na nani?" La pili hufuata kwa sauti ya chini: lisije likawa jini. Wataalamu wa makuzi ya watoto wamelichunguza jambo hili miaka mingi. Marjorie Taylor na wenzake huko Marekani walichapisha mwaka 2004 matokeo ya kuwafuatilia watoto hadi umri wa miaka 7, wakakuta asilimia 65 walikuwa wamewahi kuwa na rafiki wa kubuni wakati fulani. Ndani ya hesabu hiyo wamo pia wale ambao rafiki yao alikuwa mwanasesere au mnyama wa kitambaa aliyepewa jina, tabia na maneno ya kusema. Wala si mambo ya Wazungu tu. Mwaka 2018 Bradley Wigger alichapisha uchunguzi wa watoto wa Kenya, Malawi, Nepal na Jamhuri ya Dominika, na marafiki hawa walikuwako katika nchi zote nne, Nepal wakiwa wachache kuliko kwingine. Watoto wenyewe hujua wanachokifanya. Mtafiti akiuliza maswali mengi kwa uso wa makini, si ajabu mtoto kumkumbusha kwamba huyo ni wa kujifanya tu.

Kuhusu hali ya moyo ya baadaye, uchunguzi unaogusa zaidi ni wa Taylor, Hulette na Dishion, 2010. Waliwatazama vijana wa mazingira magumu waliokuwa bado na marafiki wa kubuni wakiwa na umri wa miaka 12 hivi, umri ambao wengi wameshaacha. Wakati ule vijana hao walionekana wana matatizo, na wenzao hawakuwapenda sana. Walipofika mwisho wa sekondari walikuwa wamejimudu vizuri kuliko wenzao wa mazingira yale yale wasiokuwa na marafiki hao. Kule New Zealand, Gabriel Trionfi na Elaine Reese (2009) walikuta watoto wa miaka mitano na nusu wenye marafiki wa kubuni husimulia visa kwa utajiri zaidi, na huko Uingereza watoto wa aina hiyo wameonekana kujisemesha zaidi wanapocheza, tabia inayomsaidia mtoto kujiongoza. Tahadhari hapa ni ya lazima: hakuna uchunguzi hata mmoja kati ya hizi unaosema ukinunua mwanasesere utanunua utulivu wa moyo. Zinaonyesha vitu viwili vinavyotembea pamoja. Fundi akikuambia mtoto wake wa leso "huponya woga", mpunguzie bei.

Basi uso. Mwanasesere wa plastiki hutoka kiwandani anatabasamu, na atatabasamu hata siku ambayo mtoto amefokewa chuoni (madrasa) au amempoteza bibi yake. Mtoto akitaka rafiki alie naye, ule mdomo unakataa. Uso mtupu haukatai kitu. Asubuhi mwanasesere amekasirika, jioni anaogopa radi, kesho ana homa, na yote hayo mtoto huyatia mwenyewe. Shule zinazofuata mafunzo ya mwanafalsafa Rudolf Steiner zimetumia wanasesere wenye nyuso za vitone viwili vitatu, au zisizo na kitu kabisa, kwa sababu hiyo hiyo. Kwa mtoto ambaye rafiki yake haonekani, kazi ya mwanasesere ni kumpa rafiki huyo mahali pa kukaa, bila kumlazimisha sura ambayo si yake. Rafiki wa kubuni huwa ana sura tayari kichwani mwa mtoto. Ukimletea mwanasesere mwenye macho ya buluu ilhali rafiki yake ana macho ya paka, umeleta mgeni.

Kuna faida ya pili ambayo hapa Mombasa ina uzito wake. Familia nyingine za Kiislamu huona vizito vinyago vyenye sura kamili nyumbani. Hadithi ya Bi Aisha, mke wa Mtume, kucheza na wanasesere inajulikana na wengi huitegemea kuwaruhusu watoto, lakini si kila nyumba inayotaka kuingia katika mjadala huo kwa ajili ya kitu cha kuchezea. Uso mtupu humaliza maneno kabla hayajaanza. Atakayetaka alama kidogo amwombe fundi atarizi mishono miwili mifupi ya macho, kila mmoja milimita 4, uzi wa kahawia usio mzito. Zaidi ya hapo umeanza kuharibu.

Tumshike sasa mkononi. Kichwa ni cha ukubwa wa chungwa, kigumu kidogo, na ukikibonyeza kwa kidole gumba kinarudi. Gauni limekatwa kutoka kwenye pindo, kwa hivyo upindo wa chini una mchoro mnene na juu kuna mji, yaani sehemu ya kati ya leso, wenye maua madogo. Fundi stadi hulikata lile jina la leso, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake, lisipite kifuani, kwa kuwa nusu ya maneno iliyobaki huweza kusema jambo ambalo hukulikusudia. (Majina mengi ya leso ni mafumbo ya wake wenza na majirani, si maneno ya kumvisha mtoto.) Gauni hula kipande cha sentimita 20 kwa 45. Ushungi ni pembetatu ya sentimita 25 kila upande, umeshonewa kichwani kwa mishono sita au saba ili usivuke, na unachukua nafasi ya nywele. Hilo ni jema. Nywele za uzi wa sufu hunyofoka, na uzi mrefu ukijizungusha kwenye kidole cha mtoto mchanga unaweza kukata damu isipite. Kama nyumbani kuna mdogo wake anayetambaa, kataa nywele kabisa, na kamba yoyote ya kufungia isizidi sentimita 22.

Leso ipi? Wengi hukimbilia Barabara ya Biashara kununua doti mpya. Leso mpya ina wanga wa kiwandani, ni ngumu, hunywea ikifuliwa, na rangi nyekundu na nyeusi hutoka. Mtoto wa miaka mitatu atainyonya pembe ya gauni. Hilo ni hakika. Jaribu hivi: lowesha kitambaa cheupe, sugua leso mara kumi kwa nguvu, tazama. Kikitoka na rangi ya waridi, leso ifuliwe na kusuuzwa hadi maji yawe meupe, hata kama ni mara nne, kabla haijaguswa na mkasi. Ushauri wa kuiloweka katika maji ya chumvi ili rangi ishike usiutegemee. Chumvi haifungi rangi ambayo kiwanda kimeshaimaliza. Kilicho bora kuliko leso mpya ni leso kuukuu ya mama mwenyewe. Imeshanywea, imeshatoa rangi yote iliyotaka kutoka, imelainika, na ina harufu ambayo mtoto anaijua tangu amebebwa mgongoni. Na kwa kuwa doti ni leso mbili, moja ikatwe na ya pili ibaki kwa mama. Mtoto anayelia akiachwa shuleni asubuhi ana kipande cha vazi lile lile analoliona nyumbani. Donald Winnicott, daktari wa watoto wa Uingereza aliyeandika juu ya vitu hivi mwaka 1953, aliviweka katikati ya mama na dunia: si mama, na si kitu cha dukani tu.

Tumboni ndiko kwenye tatizo. Mafundi wa zamani hupenda kujaza sufi, ile pamba ya mti wa msufi, kwa sababu inapatikana na ni nyepesi ajabu. Ina kasoro tatu. Huungana mabonge ikishalowa na kufinywa, kwa hivyo baada ya kufuliwa mara mbili mwanasesere ana nundu upande mmoja na ngozi tupu upande mwingine. Katika unyevu wa Mombasa haikauki upesi ikiwa imefungiwa ndani ya marekani, na koga huanzia ndani pasipoonekana. Utaijua kwa harufu kabla ya doa. Kubwa zaidi, sufi hushika moto upesi sana. Nyumba inayofukiza udi kila magharibi, chetezo kiko sakafuni pale pale mtoto anapolaza mwanasesere wake, na hapo hakuna mjadala. Agiza faiba ya mito, ile nyeupe ya kiwandani. Nayo pia iwekwe mbali na makaa, maana huyeyuka, lakini hailipuki moto kama sufi. Gramu 100 hadi 130 zatosha kimo hiki. Ijazwe kwa vipande vidogo vya ukubwa wa ndimu, kuanzia miguuni, kila kipande kikisukumwa hadi mwisho kwa kijiti butu. Fundi mwenye haraka huingiza konzi nzima kwa mara moja. Matokeo yake ni magoti matupu.

Shingo ndiyo huvunjika kwanza. Mtoto humbeba mwanasesere kwa kumshika shingo, wala si kiuno, na shingo nyembamba iliyojazwa kidogo hulegea ndani ya miezi michache hadi kichwa kikainamia kifuani. Mtoto mmoja ataona rafiki yake analala, mwingine ataona amekufa. Dawa ni kukunja kipande cha marekani kiwe bomba gumu la unene wa kidole cha kati na urefu wa sentimita 8, kiingie nusu kichwani na nusu kifuani, faiba ikifuata kukizunguka. Kijiti cha mti kisitumiwe, kitatoboa. Mishono yote ya mwili ipigwe mara mbili, hatua ya cherehani iwe milimita 2 hadi 2.5, na ukingo wa ndani ubakishwe sentimita 1. Mwishoni mwa kujaza, tundu la mgongoni lenye sentimita 5 lifungwe kwa mkono, mshono wa kuficha, uzi maradufu. Ukipokea kazi yako, vuta kila kiungo kabla hujalipa. Kipimo cha viwango vya Ulaya kwa macho na vifungo vya vitu vya kuchezea ni mvuto wa nyutoni 90, sawa na kuning'iniza ndoo yenye lita 9 za maji. Mkono wa mwanasesere ustahimili uzito huo. Kifungo chochote cha gauni kiondolewe ikiwa kuna mtoto wa chini ya miaka 3 nyumbani. Kitu chochote kinachoingia chote ndani ya tundu la milimita 32 kinaweza kumkaba.

Wavulana wasisahauliwe. Uchunguzi wa Carlson na Taylor (2005) ulionyesha kwamba wavulana wadogo mara nyingi huwa wenyewe ndio mhusika, wanageuka simba au nahodha, kuliko kuwa na rafiki wa pembeni. Hata hivyo wapo wengi wenye rafiki, na fundi yule yule hushona mwanasesere wa kikoi na kofia kwa kazi ile ile. Mwili usibadilike, wala uso.

Washindani wake ni watatu, na hawatachukua muda. Mnyama wa manyoya wa mitumba kutoka Kongowea ni rahisi kwa bei na mlaini, naye hufaa vizuri mtoto akimchagua mwenyewe. Fuata jaribio la ndoo kwa macho yake, kisha mfue kwa maji ya nyuzijoto 60 kuua wadudu wa vumbi. Mwanasesere wa plastiki anayeongea hurudia maneno yale yale, na mtoto hubaki msikilizaji wa rafiki yake mwenyewe. Zaidi ya hayo wengine hutumia betri za duara bapa, ambazo mtoto akimeza moja huanza kuunguza koo ndani ya saa mbili. Kama kifuniko cha betri hakina skrubu, usimwingize nyumbani. Wa tatu ni programu za simu zinazojiita rafiki wa mtoto. Hizo hujibu kila kitu, muda wote, na hapo ndipo zinapokosea: mtoto mwenye rafiki wa kubuni ndiye mtunzi wa pande zote mbili za mazungumzo, na kazi hiyo ya utunzi ndiyo mazoezi yenyewe. Programu humnyang'anya kalamu.

Akishafika nyumbani, asitambulishwe kuwa "ndiye yule rafiki yako". Mweke mahali, nyamaza, mwache mtoto aamue. Pengine rafiki ataingia ndani ya mwanasesere, pengine mwanasesere atakuwa mdogo wake rafiki, pengine hapatakuwa na uhusiano wowote. Mzazi ana maswali mawili mazuri: "Leo anahisi vipi?" na "Nini kilimfanya ahisi hivyo?" Kisha asikilize bila kusahihisha. Mtoto anayeona haya kusema amepigwa na mwenzake atasema mwanasesere amepigwa. Usimsemee mwanasesere wewe, wala usimtumie kupitisha amri ("Mtoto wa leso anataka ule mboga"). Ukishaanza hivyo, mtoto ataacha kumwamini. Glasi ikivunjika na rafiki akatajwa kuwa ndiye mkosaji, usibishane kuhusu kuwepo kwake. Sema wote wawili watafagia. Sahani ya pili mezani haina ubaya, ila iwe tupu.

Kuna hali ambazo mwanasesere hatoshi. Mtoto akimwogopa rafiki huyo na hawezi kumnyamazisha, akisema rafiki anamwamuru kujiumiza au kuumiza wengine, akiacha kucheza na watoto wenzake kabisa, au akipoteza maneno na mazoea aliyokuwa nayo, apelekwe kliniki ya watoto. Hospitali ya rufaa ya Pwani ipo pale mjini, na namba 116 ya msaada wa watoto hupigwa bila malipo mchana na usiku. Mtoto anayekataa tu kulala bila mtoto wake wa leso hayumo katika orodha hiyo.

Kufua kunahitaji ruhusa ya mwenyewe. Winnicott aliona kwamba mama huacha kitu hicho kichafuke na kunuka, akijua akikifua atakata uzi fulani. Lakini kwa joto na jasho la hapa, wiki mbili ndizo za mwisho. Mfue asubuhi mapema, mtoto akiwepo, kwa sabuni isiyo na manukato. Mfunge ndani ya foronya, mkamue kwa kumbana na taulo bila kumsongoa, kisha mlaze juu ya wavu juani, umgeuze kila saa. Usimtundike kwa mikono, shingo itavutika. Akijazwa faiba, jua la siku moja latosha. Akijazwa sufi, mtafika kesho kutwa na kilio juu.

Wengine hushauri kununua wa akiba, ili mmoja akipotea kivukoni Likoni mwingine achukue nafasi. Wazo ni zuri ila wakati ndio hukosewa. Bruce Hood na Paul Bloom walionyesha mwaka 2008 kwamba watoto wenye kitu walichokipenda hukataa nakala yake, hata inayofanana kabisa. Wa akiba aliyefichwa kabatini kwa mwaka mzima ni mgeni mwenye harufu ya kabati. Ukitaka wawili, washonwe siku moja kwa leso moja, wabadilishane zamu kila wiki tangu siku ya kwanza, wachakae pamoja.

Alama zetu: 8 kati ya 10 akijazwa faiba na kuwekewa bomba la shingo, 5 akijazwa sufi. Mbili zilizokosekana ni za muda wa kusubiri, kwani fundi mwenye nguo za harusi au za Idi atakuweka nyuma ya foleni, na za ukweli kwamba hakuna wawili wanaotoka sawa. Unapomchukua, muombe fundi akupe na mabaki ya marekani kiasi cha viganja viwili pamoja na uzi wa rangi ile ile. Kwapa litafumuka, na marekani utakayonunua mwaka ujao haitalingana naye.